Soma Kabla ya Kufomati

Kapseret ina mafundi wa kompyuta wengi kuliko kompyuta zenyewe. Walisomea wapi sijui, na nimeacha kuuliza, maana ukiwaendea na shida yoyote dawa yao ni ile ile: "Hii inataka kufomatiwa, boss." Kompyuta ikiwa nzito, fomati. Kibodi ikikataa herufi moja, fomati. Mama mmoja wa kanisa letu alimpelekea mmoja wao printa iliyokwama karatasi, akaambiwa aiache hadi kesho kwa sababu fleshi ya kufomati imeazimwa. Printa, jamani!

Mimi nina saiba hapa Kapseret, hatua chache kutoka barabara kuu ya Eldoret kwenda Kisumu. Ndege ya mizigo ikishuka uwanja wa Eldoret International, mabati yananguruma na wateja wanapaza sauti bila hata kujua kwamba wanapaza. Tangu Agosti 15, 2024, Rais Ruto alipoipa Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, sisi wa huku pembeni nasi tunajiita watu wa jiji. Stima haijaarifiwa. Mvua ikianza tu kunyesha, jiji linazimika.

Kwa wale wanaodhani kazi ya saiba ni kukaa na kunywa chai ya maziwa: asubuhi wanaingia wazazi wa CBC wanaotaka kuchapiwa picha za rangi za wanyama wa porini, kwa kuwa mtoto alikumbuka usiku wakati wa kulala kwamba mwalimu aliziagiza wiki iliyopita. Mchana ni vijana wa CV. Kati ya hao kuna mikopo ya HELB, kuna eCitizen, kuna vyeti vya kuzaliwa. Halafu kuna Juni. Ukitaka kumjua Mkenya, njoo saiba wiki ya mwisho ya Juni. KRA humpa miezi sita ya kuwasilisha ritani zake za kodi, Januari 1 hadi Juni 30, naye anakuja tarehe 29 jioni. Nywila ameisahau, laini ya simu amebadilisha, barua pepe alifunguliwa na binamu ambaye siku hizi yuko Qatar, na bado anakuuliza wewe kwa nini unachelewesha watu. Asipowasilisha, faini ni shilingi 2,000 hata kama mwaka mzima hakushika hata ndururu. Kwa hiyo foleni inatoka mlangoni, inapita kwa mama mboga, inamzibia wateja, na mama mboga anakuja kunigombeza mimi.

Kompyuta ya karibu na dirisha ilichagua wiki hiyo kugeuka buluu.

Ni desktopu ya ex-UK, kama kompyuta nyingi za huku kwetu: Mwingereza ameichoka, sisi tunaikaribisha. Haikuja na Wi-Fi, kwa hiyo imechomekwa kwa nyuma kile kidude cha USB cha kunasa Wi-Fi, kinachouzwa mjini kwa bei ya kilo moja ya nyama. Mteja akiandika CV, inatulia siku nzima. Mteja akiingia mtandaoni, inatulia hadi pale anapofikia kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Hapo skrini inageuka buluu yote, uso wa huzuni unatokea, maneno machache ya Kiingereza yanafuata, mashine inajizima na kujiwasha upya, na ritani ya mtu imepotea. Sijui inakijuaje kile kitufe.

Ule uso wa huzuni uliletwa na Windows 8 mwaka 2012. Nadhani aliyeubuni alitaka kutufariji. Hakuwahi kumkalia karibu Kogo mmoja, yaani bibi kwa Kikalenjin, aliyekuja kutafutia mjukuu wake cheti cha kuzaliwa.

"Mwanangu, hii mashine inalia nini?"

"Imezima tu, Kogo. Inarudi sasa hivi."

"Imekunja uso. Mtu akikunjia uso hivyo, ujue hujamlipa."

Foleni nzima ikacheka, mimi nikiwamo kwa shingo upande. Kisha kila mtu akatoa uchunguzi wake. Mwalimu mstaafu akasema ni vairasi, na vairasi zinaletwa na vijana wanaofungua mambo ya aibu, huku akimtazama kijana wa CV ambaye hakuwa amefungua lolote. Mama mboga akasema ni vumbi la barabara. Mwingine akasema ni stima ya kurudi kwa kishindo. Kijana wa bodaboda, mwenye elimu kidogo kutuzidi, akaona pale chini kuna ule mraba wa vidoti wa kupiga picha kwa simu, akaupiga. Ukampeleka kwenye ukurasa wa ushauri wa jumla unaomwambia aangalie vifaa alivyoongeza karibuni na asasishe mfumo. Akalalamika kwamba amekula bando zake bure, na eti nimrudishie.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kwenye ile skrini, chini kabisa, kwa herufi ndogo, huwa kuna mistari miwili. Wa kwanza ni jina la kosa. Langu lilikuwa DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Wa pili, ukiwapo, unataja faili iliyokuwa kazini wakati mambo yanaharibika, jina linaloishia na .sys. Na juu yake mashine imekueleza kwa adabu zake zote kwamba ukimpigia mtu wa huduma, umpe habari hizi. Yaani kompyuta imeandika ripoti ya polisi, imepiga sahihi, imekukabidhi. Chumba kizima kina watu waliosoma, mwalimu aliyefundisha miaka thelathini yumo, na hakuna hata mmoja aliyesoma. Wote wanatazama uso.

Nilikuwa nimepanga kuisoma kwa utulivu jioni. Lakini alasiri nilishuka mjini kununua wino, nikamwachia shemeji duka. Shemeji ni mtu mwema, ana kasoro moja tu: hawezi kuona kitu kimeharibika bila kumwita mtu. Niliporudi, fundi alikuwa anafunga begi.

"Nimekupigia Windows mpya, boss. Iko fiti."

Orodha ya harambee ya kanisa ilikuwa humo. Maksi za mtihani wa shule ya jirani zilikuwa humo. CV za nusu ya vijana wa Kapseret, pamoja na barua zao za kuomba kazi ambazo ni barua ile ile iliyobadilishwa jina, zilikuwa humo. Zote zimekwenda. Na fundi alikuwa ameshatumiwa hela kwa M-Pesa, kutoka kwa simu ya duka, pamoja na ya kutolea.

Fundi hakuwa amefika ng'ambo ya barabara, buluu ikarudi.

Wala haikunishangaza. Huyu fundi ndiye aliyeiandaa hii mashine tangu mwanzo, kwa fleshi hiyo hiyo. Humo ndani ana mkusanyiko wa draiva za kila kifaa kilichowahi kutengenezwa duniani, zikiwamo za modemu ambazo hazijaonekana Kenya kwa miaka, na anazimwaga zote kwenye kompyuta ya mtu kwa mbofyo mmoja. Juu ya hizo huongeza antivairasi mbili za bure, kwa hesabu kwamba mbili zinalinda kuliko moja. Na shemeji wangu, bila kuniambia, huweka VPN ya kuangalia mpira wa Uingereza, na jioni ile ile aliirudisha, kwa kuwa Arsenal walikuwa wanacheza marudio. Ukifomati halafu ukarudisha yale yale, ulichofanya ni kuyahamisha maovu kwenye nyumba iliyofagiliwa.

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa: printa ina yake, kadi ya sauti ina yake, kidude cha Wi-Fi kina yake. Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa yenyewe na wewe unaendelea na kazi. Lakini draiva nyingi hukaa kwenye kiini cha mfumo, mle ndani ambamo hakuna anayezichunga. Za mtandao ndizo zenye kasheshe zaidi, kwa sababu data zikiingia, zinashughulikiwa kwa hali ya dharura, bila nafasi ya kusubiri chochote. Katika hali hiyo draiva ikigusa sehemu ya kumbukumbu ambayo haipo au si yake, mfumo hauwezi kujua ni nini kingine kimeharibiwa. Kwa hiyo unasimamisha kila kitu, unaandika kilichotokea, unajizima kabla haujaharibu zaidi. Kosa lile lenye jina refu maana yake ni hiyo. Kwa hiyo buluu ndiyo iliyokuwa ikizilinda faili zangu muda wote huo. Aliyezimaliza ni fundi.

Na ugomvi wenyewe unatoka wapi? Nenda steji ya mjini ubebe begi. Makanga wa kwanza anakushika mkono, wa pili amelishika begi, wa tatu tayari ameshamwambia dereva kwamba abiria amepatikana. Wote wanakupeleka unakokwenda, na wote wana haki ya kutafuta riziki, lakini begi linachanika. Ndivyo ilivyo kwa kila data inayoingia kwenye kompyuta yangu. Antivairasi ya kwanza inataka kuikagua njiani, ya pili nayo inataka kuikagua, VPN inataka kuifungua, na kidude chenyewe kinaendeshwa na draiva ya toleo lingine. Mara nyingi faili inayotajwa kwenye skrini ni ndis.sys, ambayo ni ya Windows yenyewe. NDIS ni utaratibu uliobuniwa na Microsoft pamoja na 3Com, miaka mingi kabla kijana wa bodaboda hajazaliwa, ili kadi zote za mtandao zipitie lango moja. Hiyo sasa ndiyo steji. Kutajwa kwa steji hakumaanishi kwamba steji ndiyo iliyolichana begi. Inabidi uulize nani walikuwapo.

Usiku huo nilifunga mlango, shemeji nikamtuma nyumbani, nikaanza kuuliza.

Nilikichomoa kidude, nikaunganisha simu yangu kwa waya kama njia ya intaneti. Mashine ikadumu kwa muda mrefu zaidi, kisha ikaanguka. Hapo nikajua wahusika ni zaidi ya mmoja. Kila buluu huacha ripoti ndogo kwenye kabrasha la Minidump ndani ya kabrasha la Windows, na kuna programu ya bure ya NirSoft inayoitwa BlueScreenView ambayo huzipanga ripoti hizo kwenye jedwali, tarehe upande huu, faili iliyohusika upande ule. Nilipozitazama zikiwa zimejipanga, kesi ilijiamua. Baadhi zilikitaja kidude. Nyingine zilitaja faili ya antivairasi ya pili, ile ambayo fundi aliiongeza kwa roho safi.

Kazi ya kuwatoa haikuwa kubwa kama watu wanavyodhani. Unashika kitufe cha Shift huku unabofya Restart, unafuata menyu hadi Startup Settings, unachagua Safe Mode bila mtandao, na mashine inawaka ikiwa na draiva chache za lazima tu. Humo ndani nikaondoa antivairasi ya kwanza. Ya pili iligoma kutoka yote, hivyo nikaitoa kwa programu maalumu ya kampuni iliyoitengeneza, maana antivairasi zina tabia ya kuondoka na kuacha draiva zao za mtandao nyuma. Windows ina ulinzi wake, Defender, ambao hujizima wenyewe ukiona mgeni amekuja na kurudi kazini mgeni akiondoka. VPN ya shemeji nikaing'oa kwa raha ambayo sitaificha.

Kikabaki kidude. Hiki kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu kinawatesa wengi. Boksi linaweza kuwa lile lile, jina lile lile, rangi ile ile, lakini ndani chipu ni nyingine, kwa kuwa mtengenezaji alibadilisha toleo na kuandika v2 au v3 mahali ambapo panahitaji miwani. Draiva ya toleo la kwanza ikiwekwa kwenye la tatu, pengine itafanya kazi, hadi siku watu watakapojaa. Usiliamini boksi. Fungua Device Manager, bofya kifaa chenyewe, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona VID na PID, kila moja ikifuatiwa na herufi na tarakimu nne. Hizo ndizo kitambulisho cha kweli cha kifaa. Nilitafuta kwa namba hizo, nikapata draiva ya chipu yenyewe, nikaiondoa ya zamani nikiweka alama ya kufuta na faili zake ili isijirudishe, nikaweka hii. Tangu usiku huo buluu haijaonekana hapa kwangu. Ingekuwa draiva nzuri ndiyo imeharibiwa na sasisho, kungekuwa na njia fupi zaidi: kitufe cha Roll Back Driver, pale pale Device Manager, kinairudisha ya awali. Kipo tangu zamani na ni cha bure. Pengine ndiyo maana mafundi hawakipendi.

Usidhani ni Kapseret tu. Aprili 20, 1998, Bill Gates alikuwa jukwaani Chicago, kwenye maonyesho ya COMDEX, akiwaonyesha watu Windows 98 kabla haijatoka. Msaidizi wake Chris Capossela alichomeka skana kuonyesha jinsi mfumo utakavyokitambua kifaa wenyewe na kutafuta draiva yake. Skrini ikageuka buluu mbele ya ukumbi mzima. Watu wakacheka, Gates naye akatania kwamba hiyo ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza. Hapakuwa na shemeji wa kumwita fundi.

Na Julai 19, 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja yenye kasoro, draiva yao ikaisoma, na kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows zikaanguka duniani kote. Ndege zikabaki chini, hospitali zikaahirisha wagonjwa, India abiria wakaandikiwa pasi za kupandia ndege kwa kalamu. Dawa ilikuwa nini? Kuingia Safe Mode na kufuta ile faili moja. Ilikuwa kazi ya kuchosha, mashine moja moja, kwa mkono, lakini ilikuwa ni hiyo tu. Nawaza wangeitwa hawa wetu na fleshi zao. Zingefomatiwa zote milioni 8.5, na kila moja ingewekwa antivairasi mbili.

Fundi alipita wiki iliyofuata. Akasimama mlangoni, akatazama wateja wametulia, mashine ya dirishani inafungua eCitizen bila kusita, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Si nilikwambia ikifomatiwa itakaa sawa?"

Shemeji akaitikia. Kogo, aliyekuja kuchukua cheti, akamwambia ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Mimi nikaendelea kupanga karatasi.

Nina maombi mawili kwa wateja wangu. Mashine ikigeuka buluu, yako au yangu, piga picha ya skrini kabla haijajizima, na uhakikishe ile mistari ya chini imeingia. Uso wa huzuni unaweza kuuacha. Na kama umehamia Windows 11, fahamu kwamba tangu 2025 Microsoft wameanza kuibadilisha ile skrini kuwa nyeusi, wakaondoa uso na ule mraba wa vidoti. Kwa hiyo usije kwangu unapiga kelele kwamba kompyuta imekufa kabisa eti kwa sababu imekuwa nyeusi. Jina la kosa na la draiva bado yameandikwa pale chini.

La pili ni kuhusu maksi za shule na orodha ya harambee. Mwenye nakala aliyochapisha aniletee nizichape upya. Sitatoza.